Ukuta Ni wa Nani? Sanaa ya Kisasa na Mabadiliko ya Jamii

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kwenye bwalo la shule)



Nimefundisha sanaa za ufundi katika chuo cha ualimu kwa miaka ishirini na sita, na nimezoea kuzungumza mbele ya watu wanaoandika. Leo nawaomba msiandike. Sikilizeni tu, kisha tubishane.

Kamati imenipa mada nene: jinsi sanaa ya kisasa ilivyokua pamoja na mabadiliko ya jamii katika karne ya ishirini. Mada hiyo ingetosha muhula mzima, nami nimepewa nusu saa kabla ya pilau. Kwa hiyo nitashika tawi moja tu la mti huo, yaani picha za ukutani. Ninayo sababu ya kushika tawi hilo, nayo mtaiona kabla sijakaa.

Hoja yangu ni fupi. Watu wengi hudhani mitindo ya sanaa hubadilika kama mitindo ya suruali: jana pana, leo nyembamba, kesho pana tena. Mimi nasema kila mara sanaa ilipobadilika kwa kishindo, jamii ilikuwa imekwisha kubadilisha majibu ya maswali matatu. Kwanza, ukuta ni wa nani? Pili, nani anamlipa mchoraji? Tatu, nani anapita mbele ya picha ile kila siku? Shikeni maswali hayo matatu, maana tutayatumia safari nzima.

Tuanzie Meksiko. Nchi ile ilitawaliwa na Jenerali Porfirio Díaz kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka mwaka 1911. Alijenga reli, akaleta mitaji ya kigeni, na watu wa mjini wakamsifu. Lakini ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila wachache, na mkulima alizaliwa na deni na kufa na deni katika shamba la mtu mwingine. Mwaka 1910 Mapinduzi yakalipuka. Vita vile vilidumu karibu miaka kumi na kuua watu kwa malaki. Emiliano Zapata, aliyewaongoza wakulima kudai ardhi yao, aliuawa kwa hila mwaka 1919.

Serikali iliyotoka katika moshi ule ilikuwa na tatizo moja kubwa. Wananchi walio wengi hawakujua kusoma. Ungewaelezaje kwamba nchi sasa ni yao? Mwaka 1921 akateuliwa Waziri wa Elimu, José Vasconcelos, mtu wa vitabu. Alituma walimu vijijini, akachapisha vitabu vya bei nafuu, kisha akafanya jambo ambalo mawaziri wa elimu hawalifanyi mara nyingi: aliwaita wachoraji akawapa kuta za serikali.

Mmoja wao alikuwa Diego Rivera. Huyu alikwenda Ulaya mwaka 1907 na akaishi Paris miaka mingi. Aliijua vizuri sanaa mpya ya huko. Pablo Picasso na wenzake walikuwa wamekwisha kuvunja sura ya mtu vipande vipande na kuipanga upya, mtindo ulioitwa Kubizimu. Walifanya hivyo baada ya kutazama, pamoja na mambo mengine, vinyago vya Afrika vilivyofikishwa Ulaya na wakoloni. Rivera naye alichora kwa mtindo huo, na alikuwa hodari. Lakini ulizeni maswali yetu matatu. Picha ile ilitundikwa wapi? Sebuleni kwa tajiri. Nani aliilipia? Tajiri yule yule. Nani aliitazama? Tajiri, mkewe na wageni wao wa chakula cha jioni. Kabla ya kurudi nyumbani mwaka 1921, Rivera alipita Italia kutazama picha za kale zilizochorwa kwenye kuta za makanisa, picha ambazo hata muuza samaki aliziona kila Jumapili bila kulipa kitu.

Vijana, hili mtalipenda: kazi ile kubwa ya Meksiko haikuanzia ikulu. Ilianzia shuleni. Kuta za kwanza zilizotolewa mwaka 1922 zilikuwa za shule ya sekondari ya juu katika mji mkuu, Escuela Nacional Preparatoria. Rivera alichora katika ukumbi wake. José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros nao wakapewa sehemu zao. Miongoni mwa wanafunzi wa shule ile alikuwemo msichana mmoja, katika wasichana wachache sana waliokuwa wameanza kupokelewa pale. Jina lake Frida Kahlo. Baadaye naye akawa mchoraji anayejulikana duniani kote.

Nieleze kidogo ufundi wenyewe, maana wengi wenu mnasoma kemia. Mwashi hupaka ukuta lipu ya chokaa na mchanga, kiasi cha eneo ambalo mchoraji anaweza kulimaliza siku hiyo. Lipu ikiwa bado mbichi, mchoraji hupaka rangi ya unga iliyochanganywa na maji matupu, bila gundi. Chokaa ile inapokauka huvuta hewa ya kaboni dioksaidi na kurudi kuwa jiwe, na rangi hufungwa ndani ya jiwe hilo. Ndiyo maana picha hizo hudumu mamia ya miaka. Lakini ufundi huo una amri zake. Mwashi akichelewa, mchoraji hana kazi. Mchoraji akichelewa, lipu inakauka na siku imepotea. Haiwezekani msanii kujifanya bwana mkubwa mbele ya mwashi. Mwaka 1922 wachoraji wale walianzisha chama chao cha wafanyakazi, kama mafundi wengine wowote. Kwa hiyo mnaona, mabadiliko ya jamii hayakuingia katika picha tu. Yaliingia hata katika namna ya kuamka asubuhi na kwenda kazini.

Je, watu walifurahi? La hasha. Mwaka 1924 wanafunzi wa shule ile walizishambulia picha za Orozco na Siqueiros, wakazikwaruza na kuziharibu. Walisema ni mbaya, zinadhalilisha dini na watu wa heshima. Kazi ikasimamishwa, wachoraji wakaondolewa. Mwaka 1926 Orozco akarudi. Akafanya jambo la kufikirisha: nyingi ya picha zake za awali alizifuta mwenyewe, akachora upya. Mojawapo ya zile mpya inaonyesha wanaume watatu kwenye handaki la vita. Mmoja amepiga magoti na kuuficha uso, wawili wameanguka, na mmoja wao amenyoosha mikono kama aliyesulubiwa. Hakuna bendera wala ushindi. Wakati Rivera aliendelea kuchora wakulima wakigawana ardhi, Orozco aliuliza gharama ya ugawaji ule ililipwa na nani. Wote wawili walilipwa na serikali ile ile. Nataka mkumbuke hilo tutakapofika mwisho.

Rivera alichora kuta za Wizara ya Elimu kuanzia mwaka 1923 hadi 1928, zaidi ya vipande 100: wafinyanzi, wachimba madini wakipekuliwa wasije wakaiba, mwalimu wa kijijini akifundisha watoto na watu wazima chini ya ulinzi wa mpanda farasi mwenye bunduki. Mtu wa kawaida aliyekwenda wizarani kufuatilia karatasi yake alikuta sura kama yake imechorwa ukutani, kubwa kuliko ya Waziri. Hilo lilikuwa jambo jipya. Kwa karne nyingi kuta kubwa zilikuwa za malaika, wafalme na majemadari.

Sasa tuvuke mpaka kuelekea kaskazini, kwa sababu sifa za wachoraji wale zilivuka pia. Marekani ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Nitawapa kuta tatu za miaka ile, ili mwone jinsi jibu la swali la kwanza linavyoamua mambo.

Ukuta wa kwanza uko Los Angeles. Mwaka 1932 Siqueiros aliombwa achore picha ya nchi za joto, katika mtaa uliokuwa unatengenezwa kuvutia watalii. Waliotoa kazi walitegemea mitende, ndege na matunda. Siqueiros alichora Mhindi Mwekundu aliyefungwa msalabani, na juu yake tai wa kibeberu. Kabla mwaka haujapita sehemu ya picha ilikuwa imepakwa chokaa, na baadaye yote ikafunikwa. Lakini chokaa si mlinzi mwaminifu. Jua na mvua viliimomonyoa kidogo kidogo, na miaka mingi baadaye picha ile ikaanza kuchungulia. Wataalamu waliihifadhi, na mwaka 2012 ikafunguliwa rasmi kwa umma. Leo watu husafiri kwenda kuiona kwa sababu ile ile iliyofanya ifichwe.

Ukuta wa pili uko Detroit, mji wa magari. Mwaka 1932 na 1933 Rivera alichora vipande 27 katika jumba la sanaa la mji ule, akionyesha kiwanda cha magari: mitambo mikubwa kama miungu, na wafanyakazi wa rangi zote wakivuta na kusukuma pamoja. Fedha zilitoka kwa Edsel Ford, mwenye kiwanda. Picha zilipofunuliwa, viongozi wa dini na baadhi ya magazeti walipiga kelele kwamba ukuta upakwe chokaa. Ford hakukubali. Picha zipo mpaka leo.

Ukuta wa tatu ulikuwa New York, katika jengo la Rockefeller Center. Mwaka 1933 Rivera huyo huyo alipewa kazi ya kuchora mwanadamu kwenye njia panda ya zama mpya. Akaingiza sura ya Lenin. Nelson Rockefeller akamwandikia kwa adabu kumwomba aitoe. Rivera akakataa, akasema yuko tayari kuongeza sura ya Abraham Lincoln ili mizani ikae sawa. Wakamlipa fedha zake zote, wakamshusha kutoka jukwaani, na Februari 1934 ukuta ukavunjwavunjwa. Mwaka huo huo Rivera aliichora tena picha ile katika jumba la sanaa la mji mkuu wa Meksiko.

Sasa, ndugu zangu, tusifanye haraka kusema kwamba Ford alikuwa mwema na Rockefeller mbaya. Somo langu ni jingine. Katika kuta zote tatu aliyepita mbele ya picha kila siku hakuulizwa. Pale Detroit picha ilinusurika kwa hisani ya mtu mmoja, na hisani haina mkataba. Angeamka vibaya siku ile, leo tungekuwa tunasoma habari za ukuta mweupe.

Kutoka Meksiko serikali ya Marekani nayo ilijifunza jambo. Mwaka 1933 mchoraji George Biddle alimwandikia Rais Roosevelt akimkumbusha mfano wa Meksiko. Mwaka 1935 ukaanzishwa mpango mkubwa wa kuwaajiri wasanii wasio na kazi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1943, ulikuwa umetoa zaidi ya picha za ukutani 2,500 katika shule, hospitali na ofisi za umma. Mmoja wa wasanii waliopata posho hiyo alikuwa kijana Jackson Pollock, ambaye mwaka 1936 alifanya kazi pia katika karakana ya Siqueiros pale New York.

Mtazameni kijana huyo, maana ndani yake mtaona karne inavyogeuka. Mwaka 1943, mpango wa serikali ulipokufa, Pollock alichora picha kubwa sana, ndefu karibu mita sita. Aliiita kwa neno lenye maana ya picha ya ukutani. Lakini haikuwa ya shule wala posta. Iliagizwa na mwanamke tajiri kwa ajili ya mlango wa kuingilia nyumbani kwake. Na ndani yake hakuna mkulima wala mfanyakazi, ni mawimbi ya rangi tu. Baada ya vita Marekani ilikuwa tajiri, ilikuwa inaogopa ukomunisti, na kila aliyechora wafanyakazi alitiliwa shaka. Ukubwa wa ukuta ulibaki, wananchi wakatoka ndani yake. Siwalaumu wachoraji wale, na baadhi ya kazi zao nazipenda. Nasema tu kwamba majibu ya maswali yetu matatu yalikuwa yamebadilika, na rangi zikafuata.

Wananchi walirudi ukutani kwa mlango mwingine. Mwaka 1967, Wamarekani weusi walipokuwa katika kupigania haki zao, kikundi cha wasanii wa Chicago kilichora upande wa nje wa jengo kuukuu katika mtaa wa watu weusi. Walichora mashujaa wao, wakiwemo Malcolm X na Muhammad Ali, wakauita Ukuta wa Heshima. Hapakuwa na waziri wala tajiri aliyewaagiza. Watu wa mtaa ndio walioulinda na kukusanyika mbele yake. Ulidumu miaka michache tu, maana mwaka 1971 jengo liliungua moto na baadaye likabomolewa. Lakini katika miaka iliyofuata miji mingi ya Marekani ilipata kuta za namna hiyo. Ukuta ule ulikufa mapema, na bado ulizaa.

Msidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 1959, miaka minne kabla ya uhuru wa Kenya, Elimo Njau, kijana wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alichora kuta za kanisa kuu la Mtakatifu James, mahali palipoitwa Fort Hall na leo ni Murang'a. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, kwa hiyo ukuta wenyewe ulikuwa na upande wake katika ugomvi ule. Njau akachora maisha ya Yesu katika vipande vitano, kuanzia kuzaliwa mpaka kusulubiwa, na Yesu yule ni Mwafrika, katika mandhari ya Ugikuyu. Aliyekuwa amezoea Yesu wa kalenda mwenye nywele za dhahabu aliingia kusali akamkuta jirani yake. Huhitaji kuwa Mkristo ili uone uzito wa jambo hilo kwa mwaka ule.

Hapa kwetu Tanzania njia ilikuwa nyingine. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Hakupewa ukuta na mtu. Alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, akauza picha zake Oysterbay, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi, na leo mtindo huo unabeba jina lake. Mnaona tena maswali yetu: mnunuzi alikuwa mgeni anayesafiri, basi picha ilibidi iingie kwenye sanduku. Ni sanaa yenye heshima kubwa na imelisha familia nyingi. Lakini hatupiti mbele yake kila siku. Wengi wetu tunaiona kwenye ukuta wa hoteli.

Sasa nafika mahali nilipokuwa naelekea.

Geukeni mtazame ukuta ulio nyuma yenu. Picha ile ilichorwa mwaka 1977 na wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu na cha nne. Mimi sikuwa mchoraji. Nilikuwa kidato cha tatu, na kazi yangu ilikuwa kushika ngazi na kukoroga rangi. Katika wale kumi na mmoja, wanne wamekwisha tangulia mbele ya haki. Mnaona wakulima wamepanga mstari na majembe, zahanati, mama aliyeshika daftari kwenye darasa la elimu ya watu wazima, na trekta ambalo dereva wake hana uso, kwa sababu mtihani uliwakuta wachoraji kabla hawajammaliza. Ilichorwa kwa rangi ya maji juu ya lipu kavu, hapakuwa na utaalamu wa chokaa mbichi, ndiyo maana inabanduka. Na mfereji wa bati unavuja juu yake tangu sijui lini.

Katika ajenda ya kesho kuna kipengele kinachosema ukarabati wa bwalo. Ndani ya kipengele hicho kuna ofa ya mfanyabiashara mmoja, ambaye sitamtaja, ya kutupatia rangi ya bwalo zima bila malipo. Sharti lake ni kwamba ukuta ule upakwe wote rangi ya kampuni yake na uandikwe tangazo lake, kwa miaka kumi. Najua wengi wetu tumefurahi. Fedha za Chama ni chache, na bwalo linatia aibu. Simkatazi mfanyabiashara kufanya biashara. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nawaomba tuulize maswali yetu matatu kabla ya kunyoosha mikono.

Nani anapita mbele ya ukuta ule kila siku? Ni vijana hawa, mara tatu kwa siku, kwa miaka minne au sita. Katika barua zote nilizoonyeshwa, sijaona mahali walipoulizwa.

Jana jioni nilimwuliza mmoja wao wa kidato cha pili anaionaje picha ile. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Wale watu siwajui." Sikumkemea. Jibu lake ni la kweli. Hajapata kuona darasa la elimu ya watu wazima, na kijiji cha ujamaa kwake ni swali la mtihani wa historia. Tena niseme wazi, sisi wazee tunajua kwamba si kila aliyehamia kijijini miaka ile alihamia kwa kupenda. Picha yetu haikuonyesha hilo. Ilionyesha tulichokiamini, au tulichoambiwa tukiamini, na hata hilo ni ushahidi wa zama zake. Sisi tulikuwa na Rivera ukutani, hatukuwa na Orozco.

Kwa hiyo siombi ukuta ule uhifadhiwe kama kaburi. Orozco mwenyewe alifuta kazi zake. Naomba mambo manne.

Kwanza, mfereji utengenezwe kabla ya rangi yoyote. Adui wa kwanza wa picha ni maji, na hilo ni kweli pia kwa tangazo la biashara.

Pili, picha ipigwe yote vizuri, kipande kwa kipande, na majina ya wachoraji wote kumi na mmoja yaandikwe chini yake, walio hai na marehemu. Mimi nitalipia kazi hiyo.

Tatu, ukuta unaoikabili, ule mweupe wa upande wa jikoni, wapewe wanafunzi wa leo wachore picha yao. Wachore kijiji chao, mji wao, simu zao, ajira wanayoitafuta, lolote. Wakitaka kuijibu picha ya 1977 na kuipinga, waipinge. Nitakuja siku za Jumamosi kuwafundisha lipu ya chokaa, na mwalimu wa kemia ameniahidi kusaidia. Rangi ya unga, chokaa na mchanga havizidi uwezo wetu tukichanga.

Nne, picha yao ikimalizika, wao wenyewe wapige kura juu ya ile ya zamani: ibaki, ikarabatiwe au ifutwe. Wakiamua ifutwe, nitashika ndoo ya chokaa kama nilivyoshika ngazi. Lakini waamue wao wanaokula mbele yake. Isiamuliwe na mwenye rangi ya bure, wala isiamuliwe na sisi tunaokuja mara moja kwa mwaka kula pilau.

Kama mfanyabiashara yule bado anataka kutusaidia, ziko kuta za nje, liko lango, upo uwanja wa mpira. Tumwandikie barua ya heshima, tumshukuru, tumwonyeshe mahali. Mwenye nia njema hatakataa.

Vijana, neno la mwisho ni lenu. Mmesikia leo kwamba watu wazima, mawaziri na matajiri wa nchi kubwa waligombana juu ya kuta, wengine wakapasua picha usiku, wengine wakazilinda. Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kitu anachokiona mtu kila siku akiwa na miaka kumi na sita humkaa moyoni. Basi fikirini ni nini mnachotaka kiwakae moyoni wale watakaokuja baada yenu. Anzeni kuchora kwenye karatasi wiki hii. Kura ya Chama ni kesho saa nane mchana, na nimemwomba Ndugu Mwenyekiti aruhusu viranja wawili waingie na kusema mawazo yenu.

Sasa naruhusu ubishi.